Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: bakteria wanaoishi ndani ya wadudu na jamaa zao, na kwa nini hawafanani

Ukurasa huu umekusanya maswali tunayoulizwa kila tukitaja kwamba kazi yetu ni kuchungulia vinasaba vya bakteria waliomo miilini mwa wadudu. Mengine huletwa na wanafunzi, mengine na watu waliosikia habari za mbu "waliowekwa bakteria" wakashtuka. Majibu hayalingani urefu, maana maswali nayo hayalingani uzito.

Arithropodi ni akina nani, na hao bakteria wanakaa wapi hasa?

Arithropodi ni wanyama wasio na uti wa mgongo, wenye miguu ya viungo na gamba gumu la nje: wadudu, kupe, utitiri, buibui, jongoo, kaa na kamba. Bakteria washirika ni wale ambao mwili wa mnyama wa namna hiyo ndio makazi yao. Wapo wanaoishia utumboni, kama wale wa nyuki. Hapa tunawazungumzia zaidi walioingia hadi ndani ya seli. Mpasue kidukari, mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa mimea, chini ya darubini na utakuta tumboni seli kubwa za mviringo, zimeshonana, kila moja imejaa vidoa vidogo kama gunia la mtama. Kila kidoa ni bakteria.

Neno "washirika" lisikudanganye. Wengine humlisha mwenyeji wao, wengine humlinda, wengine humtumia tu kama chombo cha kuvukia.

Je, kila mdudu anao?

Hapana. Makadirio yaliyochapishwa kuhusu Wolbachia peke yake, bakteria mmojawapo aliyeenea sana, yamekuwa kati ya asilimia 40 na 66 ya spishi. Hata spishi inapohesabiwa kuwa nao, huenda ni mdudu mmoja kati ya ishirini tu aliyembeba.

Kwa nini bakteria hawa wanatofautiana kiasi hicho kwa vinasaba?

Tazama kwanza wanasafiri vipi. Bakteria anayerithishwa na mama peke yake kupitia yai ni kama mtoto asiyewahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao. Hakutani na bakteria wengine, kwa hiyo hana wa kubadilishana naye jeni. Tena kila kizazi wanaofaulu kuingia kwenye yai ni wachache, waliobahatika tu, kama uzi upitao kwenye tundu la sindano. Kasoro ikiingia kwenye DNA yao, hakuna jirani wa kuwaazima kipande kizima. Yule anayeruka kutoka spishi moja ya mdudu hadi nyingine, kinyume chake, hukutana na wenzake ndani ya mwili mmoja, akaazima jeni, akachanganya, akaondoka na sura mpya.

Mbung'o anawaonyesha wote wawili chini ya paa moja. Mbung'o hatagi mayai. Hulea lava mmoja mmoja tumboni, akimlisha maziwa yanayotoka kwenye tezi maalumu, na bakteria husafiri ndani ya maziwa hayo. Wa kwanza ni Wigglesworthia, mwenye jenomu (yaani DNA yake yote) ya herufi kama 700,000, anayemtengenezea mbung'o vitamini za kundi B zilizo haba kwenye damu. Ukichora mti wa ukoo wa Wigglesworthia, kisha ukachora wa spishi za mbung'o, matawi yanafuatana. Wamezeeka pamoja. Wa pili ni Sodalis, mwenye jenomu ya herufi karibu milioni 4.2. Mchukue kutoka spishi mbili tofauti za mbung'o na utapata shida kuwatofautisha. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2006 zilihesabiwa jeni 972 zilizokwisha kufa, ambazo bado zimo humo kama vyombo vya nyumba ya zamani visivyotupwa. Huyu ni mgeni aliyehamia juzi, kwa hesabu za mageuko.

Jenomu zinaweza kupungua mpaka wapi?

Mpaka mahali ambapo watu huanza kubishana kama kiumbe huyo bado ni bakteria kamili. *Escherichia coli* wa kawaida wa maabara ana herufi milioni 4.6. Buchnera, mshirika wa vidukari, ana kama 640,000, na jenomu yake ilisomwa mwaka 2000. Carsonella, anayeishi ndani ya visilidi, wadudu wadogo wafyonza utomvu, ana 160,000. Nasuia, wa panzi wadogo wa majani, ameshuka hadi kama 112,000.

Kinachobaki hakibaki ovyo. Kidukari hunywa utomvu, ambao una sukari tele na asidi amino muhimu kidogo mno. Buchnera ametupa jeni nyingi za kujitengenezea hata utando wake mwenyewe, lakini zile za kumtengenezea mwenyeji asidi amino amezishika. Mshirika mzima amegeuka jiko.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Buchnera wa spishi mbili za vidukari waliotengana kama miaka milioni 50 iliyopita wana jeni zilizopangwa kwa utaratibu uleule, hakuna kilichohamishwa. Wakati huohuo herufi zilizomo ndani ya jeni hizo zimebadilika sana. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama Buchnera ana uanuwai mkubwa au mdogo, muulize kwanza: wa herufi au wa mpangilio?

Kweli kuna bakteria anayeishi ndani ya bakteria mwingine?

Kweli, ndani ya vidung'ata wa michungwa. Tremblaya, mwenye jenomu ya herufi kama 139,000, amembeba Moranella tumboni mwake, na Moranella ndiye mwenye jenomu kubwa kuliko aliyembeba. Kutengeneza asidi amino moja kunaweza kuhitaji hatua za Tremblaya, za Moranella na za mdudu mwenyewe, kila mmoja akishika kipande chake cha kazi.

Kwa sikada, wale wadudu wanaolia mitini, mambo yamekwenda kombo zaidi, kwa maoni yangu. Mshirika wao aitwaye Hodgkinia alikuwa na jenomu moja ndogo. Ndani ya baadhi ya sikada jenomu hiyo imepasuka kuwa koo mbili au zaidi, kila ukoo umepoteza jeni ambazo mwenzake bado anazo. Sasa hakuna anayeweza kuishi bila mwingine, na mama sikada hana budi kuwarithisha wote. Uanuwai umeongezeka, ndiyo, ila sijui ni nani aliyefaidika nao.

Herufi moja tu ya DNA inaweza kuleta tofauti ya maana?

Inaweza. Mbele ya jeni moja ya Buchnera iitwayo *ibpA*, ambayo huhusika na kustahimili joto, kuna mfululizo wa herufi A. Baadhi ya Buchnera wamepoteza A moja tu hapo. Kidukari mwenye Buchnera wa namna hiyo akipigwa na joto kali akiwa mchanga, hukua akiwa karibu tasa. Kwenye ubaridi, hata hivyo, yeye ndiye anayezaa vizuri zaidi. Ndiyo maana aina zote mbili zinaendelea kuwapo.

Wolbachia si bakteria mmoja?

Jina ni moja. Marshall Hertig na S. Burt Wolbach walimwona mwaka 1924 ndani ya mbu *Culex pipiens*, na mwaka 1936 Hertig akampa jina *Wolbachia pipientis*. Tangu hapo jina hilo limebandikwa kwa jamaa wengi kiasi kwamba wamegawanywa katika makundi makuu yenye herufi: A na B ndiyo ya kawaida kwa wadudu, C na D ni ya filaria, minyoo ya vimelea, F inapatikana pande zote mbili, na mengine yanaendelea hadi mbali kwenye alfabeti. Kundi G lilifutwa baada ya kugundulika kwamba lilikuwa mchanganyiko wa A na B.

Hata ndani ya kundi dogo mambo hayatulii. Chukua Wolbachia wa huyo mbu *Culex pipiens*. Ukisoma zile jeni za kawaida za utambulisho, wote wanafanana kama chawa. Lakini chukua dume kutoka mji mmoja na jike kutoka mji mwingine, uwapandishe, na mara nyingi mayai hayaanguliwi hata moja. Watafiti walipochimba sehemu nyingine za jenomu walipata makundi matano. Siri kubwa iko kwenye jeni ziitwazo *cif*, zilizotambuliwa mwaka 2017: Wolbachia wa dume huiwekea mbegu sumu, na Wolbachia wa jike ndiye mwenye dawa yake ndani ya yai. Kwa mbu hawa jeni hizo zimejirudufu na kuchanganyika mara nyingi, kwa hiyo dawa ya mmoja haifui dafu mbele ya sumu ya mwingine. Aliyetazama jeni za utambulisho tu angeandika "hakuna uanuwai" na kwenda zake.

Mnajuaje kwamba aina hii si ile?

Zamani ilikuwa jeni moja, 16S, ambayo kila bakteria anayo. Inatosha kusema huyu ni Wolbachia na yule ni Rickettsia, ila haitofautishi ndugu wa karibu. Kwa Wolbachia ikajaribiwa *wsp*, jeni ya protini ya utando wa nje. Hiyo hubadilika haraka, lakini vipande vyake huhama kutoka aina moja kwenda nyingine, kwa hiyo mti wa ukoo unaotokana nayo unaweza kukupeleka porini. Mwaka 2006 ukapendekezwa mfumo wa jeni tano kwa pamoja: *gatB*, *coxA*, *hcpA*, *ftsZ* na *fbpA*. Bado unatumika sana. Siku hizi anayeweza husoma jenomu nzima.

Kazi yenyewe ni ya mikono zaidi kuliko watu wanavyodhani. Unamsaga mdudu kwenye kichupa, unachuja DNA, unakuza jeni unayoitaka kwa PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, unapeleka isomwe. Matokeo huja kama mchoro wa vilele vya rangi nne, kila kilele herufi moja. Mchoro ukiwa safi unasomeka kama maandishi. Ukikuta vilele viwili vimepandana mahali pamoja, nyekundu juu ya kijani, tena na tena, huenda ndani ya mdudu huyo mmoja kuna aina mbili za bakteria. Wengi huitupa sampuli ya namna hiyo kwa kuidhania imeharibika. Usiitupe.

Mimi pia nimeshaumbuka. Nilipata kwa kidukari mmoja aina ya Wolbachia ambayo sikuitarajia kabisa, nikashangilia, nikaanza kuandika. Mwenzangu akauliza kama nilimpasua kabla ya kumsaga. Sikuwa nimempasua. Tulipowapasua ndugu zake wa tawi lilelile, tukakuta buu la nyigu, wa wale wanaotaga ndani ya wadudu wengine, limejilaza tumboni. Bakteria alikuwa wa nyigu.

Kama hurithishwa na mama, anarukaje kwenda spishi nyingine?

Nyigu huyohuyo ni mshukiwa mmoja. Hudunga mdudu mgonjwa, kisha hudunga mzima kwa sindano ileile. Kula mdudu mwenzako ni njia nyingine, na kunyonya mmea mmoja ni nyingine. Ruko lenyewe ni adimu, lakini miaka ni mingi. Ushahidi uko kwenye miti ya ukoo: wadudu waliotengana mamilioni ya miaka hukutwa na Wolbachia wanaokaribia kufanana kabisa. Wangekuwa wamemrithi kwa babu yao wa pamoja, tofauti zingekuwa zimejaa.

Akishatua, anaweza kuenea kwa kasi. Inzi wa matunda *Drosophila simulans* wa California walivamiwa na aina iitwayo wRi, iliyosonga mbele kama kilomita 100 kwa mwaka. Kwa nzi weupe wa Arizona, Rickettsia aliyekuwa ndani ya asilimia 1 mwaka 2000 alifikia asilimia 97 miaka sita baadaye. Nzi weupe waliombeba walizaa zaidi, tena watoto wengi wakawa wa kike.

Mara nyingine kinachoruka si bakteria, ni virusi vyake. Bakteria aitwaye Hamiltonella humkinga kidukari dhidi ya nyigu, lakini kinga hiyo hutokana na sumu zilizobebwa na virusi viitwavyo APSE, ambavyo vimejipachika kwenye jenomu ya bakteria. Virusi vikipotea, bakteria anabaki palepale na kidukari anakufa kwa buu la nyigu. Ukimpima kwa 16S utasema hakuna kilichobadilika.

Kwa nini baadhi yao huua madume?

Kwa sababu dume harithishi bakteria. Kwa bakteria wa njia ya yai, mtoto wa kiume ni mwisho wa barabara, na kifo chake huwaachia dada zake chakula. Wolbachia, Spiroplasma na Rickettsia wote wana aina zinazofanya hivyo, na wengine hutumia hila nyingine: kumgeuza dume kuwa jike, kama ilivyo kwa krasteshia (jamaa wa kaa) wa nchi kavu *Armadillidium vulgare* anayejikunja kama jongoo, au kumfanya jike azae bila kupandwa.

Wenyeji nao hawakai kimya. Kwa kipepeo *Hypolimnas bolina* kwenye visiwa viwili vya Samoa, madume walikuwa asilimia 1 tu mwaka 2001. Kufikia 2006 walikuwa karibu asilimia 40. Wolbachia hakuondoka. Ilienea jeni ya kipepeo inayomzuia kuua.

Mbu wanaoachiliwa wakiwa na Wolbachia: aina ina umuhimu gani?

Ni suala zima. *Aedes aegypti*, mbu wa homa ya dengi, kwa asili hana Wolbachia, hivyo anawekewa wa mdudu mwingine. Jaribio moja la mapema lilitumia aina iitwayo wMelPop, aliyetoka kwa inzi wa matunda. Anazuia virusi vizuri, lakini huzaliana kupita kiasi na kumfupishia mbu maisha. Alipoachiliwa nje hakudumu. Ndugu yake wMel ni mpole, alianza kuachiliwa Australia mwaka 2011, na katika jaribio la Yogyakarta, Indonesia, lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa wa dengi walipungua kwa asilimia 77.

Tofauti kati ya ndugu hao wawili ni ndogo ya kushangaza. Kuna kipande cha jeni nane kiitwacho Octomom. wMel anacho kimoja, wMelPop amekirudufu. Nakala zikiongezeka, bakteria wanaongezeka na mbebaji anakufa mapema.

Joto nalo huchagua. Mabuu ya mbu yakikulia kwenye maji ya moto sana, wMel hupungua mwilini. wAlbB, aliyetoka kwa *Aedes albopictus*, huvumilia zaidi, na hiyo ni sababu moja ya Malaysia kumchagua.

Je, jeni za bakteria zinaweza kuingia kwenye DNA ya mdudu mwenyewe?

Zimeshaingia. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba baadhi ya *Drosophila ananassae* wana karibu jenomu nzima ya Wolbachia ndani ya kromosomu zao. Kwa mpimaji huu ni mtego: PCR inasema "yupo" wakati aliyepo ni kivuli chake.

Yupo anayechukuliwa nje badala ya kurithiwa?

Yupo. Kunguni wa maharage *Riptortus* huzaliwa mtupu, kisha humeza Burkholderia kutoka udongoni, kila kizazi upya. Kama inavyotarajiwa, bakteria hawa wana jenomu kubwa na wa kila namna. Baadhi yao huvunja kiuatilifu cha fenitrothioni, na mdudu akiwameza naye hapati dhara. Usugu unaookotwa ardhini kwa siku moja: hilo linanisumbua kuliko mambo mengi kwenye ukurasa huu.

Nikimpa mdudu antibiotiki, itakuwaje?

Inategemea ni mshirika gani. Inzi wa matunda asiye na Wolbachia huendelea na maisha. Kidukari asiye na Buchnera hudumaa na kushindwa kuzaa. Kunguni wa kitandani huathirika pia, maana Wolbachia wake, wa kundi F, humtengenezea vitamini ya biotini, kwa jeni ambazo bakteria huyo mwenyewe aliziazima kwa bakteria wengine.

Wanaweza kuniambukiza?

Wolbachia hapana, haishi ndani ya seli za binadamu. Kwa kupe ndiko panapohitaji uangalifu. Kupe wengi wana Coxiella anayewatengenezea vitamini B, asiye na madhara yanayojulikana kwetu. Ila ushahidi wa vinasaba unaonyesha kwamba *Coxiella burnetii*, anayesababisha homa ya Q, alitokana na washirika hao wa kupe. Kwa hiyo ripoti ya "Coxiella amepatikana" isikutoshe. Uliza ni yupi.

Nina sampuli zangu. Nianzie wapi?

Watie kwenye etanoli ya asilimia 95 au zaidi mara tu wanapokamatwa, kisha waweke kwenye baridi. Kusanya mahali pengi, wachache kila mahali. Mia moja wa tawi moja huenda ni mama mmoja na binti zake. Soma pia jeni ya mitokondria ya mdudu mwenyewe: nayo hurithiwa kwa mama, kwa hiyo itakuonyesha haraka kama bakteria wako amesafiri naye au amerukia njiani. Bakiza mguu au bawa bila kusagwa, ili mtu akibisha spishi uwe na cha kumwonyesha. Na umpasue kwanza.